Kichwa Hakipimwi kwa Pampu

Mdogo wangu Kizibo alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama husema hata kuzaliwa alikataa mpaka akavutwa. Jina alipewa na baba: siku moja, akiwa mtoto, aliziba bomba lililopasuka kwa kiganja, akagoma kubanduka mpaka koki ifungwe. Sisi ni mafundi bomba, ukoo mzima. Baba alikuwa fundi, baba mdogo alikuwa fundi, mimi nina duka la vifaa, Kizibo alishika spana, na binti yake, ambaye ni mtu mzima sasa, anaishika vizuri kuliko baba yake. Tunagombana kutwa, lakini kazi ikija tunaelewana.

Baba alianguka bafuni kwa mteja akifunga sinki. Watu wakasema kateleza. Baba mdogo alianguka baada ya kugombana na mkewe, na yule maskini akabebeshwa kifo cha mumewe mpaka akahama mji. Bibi aliyewazaa hao wawili alilala na kichwa kikimuuma, hakuamka. Huyo wakasema karogwa. Kwetu kila maiti ilikuwa na mshitakiwa wake, na hakuna aliyewahi kuwataja wote watatu kwa pumzi moja.

Aliyewataja ni mshauri wa magonjwa ya kurithi, mwanamke mpole mwenye chumba kidogo mwisho wa korido ya hospitali. Nilikwenda kwa ajili ya presha tu. Daktari akaniuliza baba alikufaje, nikamjibu, akaacha kuandika, akanipeleka kwa huyo mama. Akaniuliza habari za kila marehemu, taratibu, wala hakutaka kujua nani aligombana na nani. Kisha akanieleza. Mshipa wa damu ndani ya ubongo unaweza kuwa na mahali dhaifu, pakavimba pole pole kama mpira wa maji ulioachwa juani. Mtu anaweza kuishi na uvimbe huo miaka asijue. Ukipasuka, wengi hawafiki hospitali, na udhaifu huo unaweza kupita kwenye damu ya familia. Akasema sisi watoto wa marehemu tupigwe picha ya kichwa. Akasema pia kwamba maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kuyasikia, si ya kulalia. Ni ya kukimbilia hospitali.

Nikapigwa picha. Wakaukuta. Mdogo, wakasema, wa kufuatiliwa, mradi nishushe presha. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia, wala sioni haya kusema. Halafu nikapangusa uso nikaenda kumtafuta Kizibo.

Nilimkuta kwenye jengo jipya akipima mabomba. Kwetu bomba halikabidhiwi bila kupimwa. Unaziba ncha zote, unajaza maji, unapampu mpaka mshale wa geji upite nguvu ambayo nyumba itatumia, halafu unaliacha. Mshale usiposhuka, bomba ni zima, ukuta upigwe plasta. Nikamweleza yote niliyoambiwa. Alinisikiliza akiitazama geji. Akauliza wangu umekaa upande gani, nikamwonyesha, akapapasa kichwa chake papo hapo. Aliogopa, namjua. Kisha akasema haendi. Picha itamwambia nini? Yeye tangu lini akapima bomba kwa picha?

Nikadhani ni ubishi wake wa kila siku. Binti yake ndiye aliyekuja dukani kuniambia. Baba anabeba saruji mifuko miwili miwili. Baba anapandisha mabomba ya chuma ghorofani peke yake, anajikaza mpaka shingo inatutumka, kisha anakaa chini, anafumba macho, anasubiri. Akiona kimya, anacheka, anasema mshale haujashuka.

Mungu wangu, nilipanda ngazi za jengo lile kama mtu anayefukuzwa. Tuligombana mbele ya mafundi rangi mpaka wakaweka brashi chini. Nikamwambia bomba likipasuka tunakata, tunaunga. Yeye tutamuunga na nini? Nikamwambia pia, na hili analijua kila fundi, bomba bovu huweza kuharibiwa na kipimo chenyewe.

"Dada," akasema, "ningekuwa nao, ungekuwa umeshapasuka."

"Na kama bado?"

 Akanituma dukani, eti wateja wananingoja. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi lile sikio nilitaka kulivuta kwa mkono wangu. Nikamnunia. Nikamchukulia miadi bila kumuuliza. Nikamtumia mama, akalia mbele yake, na kwa machozi ya mama akalegea. Akasema atakwenda Jumatatu, ila kwanza amalize kazi ya kupandisha tangi la maji aliyoahidi. Nikamwomba alipandishe kwa winchi. Akasema sawa, sawa, kwa ile sauti ya kumfukuza mtu. Siku zile simu ikilia dukani naangusha nilichoshika, na wateja wakaniuliza kama naumwa.

Jumamosi ililia. Binti yake. Walikuwa wamefikisha tangi juu, baba akashika kisogo, akasema amepigwa nyundo. Kajilaza sakafuni. Hataki hospitali, anataka giza tu. Nikamwambia aite gari kwanza, maneno baadaye, kisha ampe baba yake simu.

"Umevuja kidogo tu, dada," Kizibo akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Usimwambie mama."

Tulimfikisha akipumua. Usiku hakuuvuka.

Msibani, hata kaburi halijakauka, wazee wakaanza kumtafuta mshitakiwa. Wakampata haraka: mwenye nyumba, na tamaa yake ya tangi kubwa. Nikasimama. Nikasema kilichomuua ndugu yangu kilikuwa kichwani mwake, ndicho kilichomuua baba, na baba mdogo, na bibi, na mimi ninacho hapa, na yule mke wa baba mdogo tumemwonea miaka yote. Nikaketi.  Mama alinishika mkono akaung'ang'ania.

Baadaye nikamfuata binti wa Kizibo uani. Alikuwa anaosha masufuria, viganja vimejaa malengelenge. Nikamwambia ajiandae, kesho nampeleka kwa yule mshauri, na safari hii sitaki hadithi.

"Sina haja, shangazi," akasema, bila ubishi, kwa upole kabisa. "Lile tangi tulilibeba wote. Baba alishika juu, mimi nikashika chini, na kwenye ngazi uzito wote unashukia chini. Nilijikaza mpaka nikaona nyota. Halafu nikakaa, nikasubiri. Sikusikia kitu."

Akaweka sufuria chini, akanitazama, akingoja nimwambie kwamba yeye ni mzima.