Mwaka wa Kwanza wa Dadai

Siku Nelia alipomtoa binti yake shule ya chekechea, mwalimu mkuu aliwasindikiza hadi getini na kumshika Nelia mkono kwa upole mno. Hakumfukuza mtu. Alisema tu kwamba Dadai, aliyezaliwa na hali ya Down na sasa ametimiza miaka sita, angefurahi zaidi mahali pengine. Kwa miezi mitatu Nelia alikuwa akimkuta mwanawe peke yake kwenye mkeka wa kona, akipaka rangi karatasi ileile, huku wenzake wakisoma silabi. Akamshukuru mwalimu, akachukua begi la mtoto, wakarudi zao nyumbani.

Nyumbani pale Guimbal kulikuwa na mtihani mwingine. Mama mkwe wake, Lola Tibang, yaani Bibi Tibang, alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nane, na nusu ya mji bado ilimwita Mwalimu. Nelia aliposema mezani kwamba atamfundisha Dadai mwenyewe, bibi aliweka kijiko chini.

"Wewe unashona mapazia, Inday," akasema, kwa neno la kumwita binti kwa upendo. "Unajua kushona. Kufundisha ni kazi nyingine."

"Nitajifunza, Nay," Nelia alisema, akimwita mama kama alivyofanya mumewe.

"Utajifunza kwa nani? Mimi watoto zaidi ya elfu wamepita mikononi mwangu. Anayefundishika namjua. Huyu mpende, mlishe, mwogeshe. Usimtese kwa vitabu."

Rodel, mume wa Nelia, alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu aliyezoea kukaa juu ya nguzo mbali na maneno ya watu. Alijiongezea wali. "Mwache ajaribu, Nay," alisema hatimaye. "Akishindwa utapata la kusema mwaka mzima."

"La kusema ninalo tayari," bibi akajibu, ila alicheka kidogo.

Jumatatu Nelia alianza kwa bidii ya mtu mgeni kazini. Aliisukuma cherehani kando, akabandika ratiba ukutani: saa mbili herufi, saa tatu hesabu, saa nne kuandika. Dadai aliitazama ratiba, akateremka kitini, akaingia chini ya meza, akatulia huko. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano alitoka, akazikusanya kadi zote za herufi na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji, moja moja, bila haraka, kama mtu anayepanda mpunga.

Lola Tibang aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake cha barazani.

Wiki ya tatu Nelia alimpigia simu mama mmoja wa Jaro, ambaye kijana wake alikuwa na hali ileile na alisomea nyumbani tangu utotoni.

"Achana na herufi," mama yule alimwambia. "Herufi haina sura. Mpe neno zima la kitu anachokipenda, na picha yake. Dakika kumi, basi. Akichoka, mmemaliza. Na usilie mbele yake, dada. Lia bafuni kama sisi wengine."

Alichokipenda Dadai kuliko vyote ni nguruwe wa jirani, dume kubwa jeupe lililokoroma likimwona. Nelia akalipiga picha, na kwenye kadi nyingine akaandika BABOY, yaani nguruwe kwa lugha yao, kwa herufi nene. Akaongeza TATAY, NANAY na LOLA, yaani baba, mama na bibi, pamoja na picha zao. Wakawa wanasoma jikoni baada ya kifungua kinywa, Dadai amesimama kwa sababu kukaa hataki, wakioanisha neno na picha.

Siku ya kumi na moja Nelia aliziondoa picha, yakabaki maneno matupu.

"Baboy yuko wapi?"

Dadai alizitazama kadi nne kwa muda mrefu, ulimi umechomoza kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake akiwaza. Akaweka kiganja juu ya kadi ya nguruwe. Nelia akazichanganya. Dadai akaweka kiganja juu ya ileile tena. Nelia akazichanganya mara ya pili, na Dadai, aliyekwisha kuchoshwa na mama asiyeelewa, akaichukua ile kadi na kumpelekea bibi yake barazani.

"Boy," akasema, maana ndivyo alivyoweza kulitamka.

Lola Tibang alivaa miwani. Akaisoma kadi, akamtazama mtoto.

"Haya. Nguruwe amesomwa kabla yangu," alisema, lakini sauti haikuwa ya utani.

Mchana, Dadai alipolala, bibi alimfuata Nelia jikoni na kukaa.

"Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mtoto kama huyu. Esteban. Nilimkalisha dirishani miaka miwili. Hakusumbua. Masomo yakiisha nampa kifutio, anafuta ubao, anakwenda kwao. Sikumpiga, Inday, wala sikumtukana. Sikujaribu tu. Hata neno moja."

Nelia alimsogezea kikombe cha tangawizi. "Yupo bado?"

"Yupo, Igbaras, kwa dada yake. Kila mtu akiutaja mji ule nageuza mazungumzo."

Jumamosi walikwenda, bibi, Nelia na Dadai. Njia nzima Nelia alimsikia mama mkwe wake akinong'ona maneno ya kuomba radhi, akiyapanga na kuyapangua. Walimkuta Esteban uani akichambua maharage, mtu mzima sasa, nywele zimeanza mvi. Alimkazia macho bibi, kisha akasimama wima.

"Mwalimu Tibang," alisema. Akamgeukia dada yake kwa fahari. "Nilikuwa namfutia ubao. Kila siku. Mimi tu."

Lola Tibang alifungua mdomo, akaufunga. Nelia aliyekuwa kando yake alielewa. Akiomba radhi sasa, atamnyang'anya huyu mtu kitu pekee alichotoka nacho shuleni.

"Ulifuta vizuri," bibi alisema. "Hapakubaki hata doa."

Kisha akatoa kwenye mkoba kadi iliyoandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka: ESTEBAN.

"Nimekuletea somo. Nimechelewa sana."

Esteban aliishika asijue aifanye nini. Dadai, aliyezijua kadi, akamwendea, akauvuta mkono wa yule mtu na kuulaza juu ya jina lake.

Tangu hapo Lola Tibang alikwenda Igbaras kila Jumamosi. Siku nyingine za wiki waligawana masomo ya Dadai: Nelia maneno, bibi hesabu. Hawakupatana mara moja. Bibi alitaka mwanafunzi akae, Dadai akataka kusimama, na baada ya wiki mbili aliyekubali ni bibi, akafundisha amesimama na magoti yake mabovu. Kuna asubuhi ambazo hakuna lililoingia, na Nelia alikwenda bafuni kama alivyoelekezwa.

Mwaka ulipoisha Dadai alitambua maneno ishirini na matatu. Alihesabu hadi sita, akiiruka nne kila mara. Esteban alisoma jina lake na la dada yake, akachoka, akarudi kwenye maharage.

Mwezi Juni mwalimu mkuu alituma ujumbe kuuliza kama wangependa kujaribu tena chekechea. Nelia aliwasomea wenzake asubuhi wakinywa kahawa.

"Tumjibu nini?" Rodel aliuliza.

"Mwambieni mwaka huu mtoto ana darasa," alisema Lola Tibang, akainuka kwenda kuvaa viatu, maana ilikuwa Jumamosi.