Fungu la Nyumba Kumi

Kemilembe, muuguzi wa zahanati, alikuwa amelisoma tangazo la kipindupindu kutoka Bukoba mpaka sauti ikamkauka. Lilisema ugonjwa unaingia nyumba moja katika kila kumi, kwa hiyo watu wachemshe maji. Watu wa Kishanda walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, kisha wakaenda zao kijitoni kuteka maji na kuyanywa mabichi.

Moyoni alisema sikio la kufa halisikii dawa. Mpaka alipokutana na Ishengoma, balozi wa nyumba kumi, amejitwika mkungu wa ndizi.

"Naupeleka kwa Penina, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Marehemu mumewe Lwakatare ametuokoa."

"Amewaokoaje?"

"Si ulisoma mwenyewe? Nyumba moja katika kumi. Mimi nina nyumba kumi, na moja imeshatoa. Tisa tumepona."

Miaka yote hii Chama kilikuwa kikiwahesabu watu kumi kumi, kwa mikutano, kwa sukari, kwa shamba la kijiji. Nani angewalaumu wakidhani kifo nacho kinagawiwa hivyo hivyo? Hasira ilimpanda Kemilembe, asijue amtolee nani: balozi huyu, au yule bwana wa Bukoba aliyedhani hesabu ukishaisoma imeeleweka.

"Balozi, hiyo ni hesabu ya mkoa mzima. Ugonjwa unaweza kuziruka nyumba zako zote, au ukazimaliza zote."

"Kwa hiyo tangazo ni la uongo?"

"Si la uongo."

"Basi," alisema Ishengoma, akaendelea na safari.

Kemilembe alimpita akatangulia kwa Penina. Alimkuta mjane amekaa kizingitini, watoto wake watatu wakipokezana kibuyu cha maji. Jikoni mafiga yalikuwa ya baridi.

"Penina, haya umeyachemsha?"

"Ya nini, dada? Sisi tumeshatoa wetu."

Kemilembe alikipokonya kile kibuyu akamwaga maji yote. Alitaka kulia, alitaka kumpiga mtu. Akapiga magoti kuwasha moto mwenyewe, na Ishengoma akafika na mkungu wake, akautua mlangoni.

"Mambo ya kumi nimeyaacha," Kemilembe aliwaambia. "Lwakatare alikunywa maji ya kijito. Atakayeyanywa mabichi anaweza kumfuata."

Penina alimvuta mtoto wake mdogo, ambaye kidevu chake kilikuwa bado kimelowa.

"Na huyu aliyekwisha kunywa, dada? Niambie, wanapona wangapi katika kumi?"

Kemilembe aliendelea kupuliza moto, maana hilo tangazo halikusema.