Pumzi ya Bibi Ruthu

Emiliana aliinua ungo hadi usawa wa kichwa, akaumwaga uwele taratibu juu ya turubai. Punje zilianguka, na makapi yakaanguka juu yake, pale pale. Akazoa vyote pamoja, akainua tena. Ulikuwa msimu wa mavuno, wakati ambao upepo wa kitongoji hicho cha nje ya Haneti huwavua watu kofia, lakini hakuna jani lililotikisika. Jirani zake walikuwa wameshaweka nyungo chini, wanapuliza kwa midomo, mashavu yamewatuna.

Upepo wote ulikuwa kilimani. Dkt. Naima Nurdini, mtafiti wa umeme wa upepo, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa amesimika mitambo huko juu, na pembeni yake makasha meupe ya betri, kila moja na ukubwa wa darasa. Wataalamu wenzake walilalamika miaka yote kwamba upepo ni kitu cha kuja na kuondoka, na ukiuweka akiba unavuja. Betri za Naima hazikuvuja. Zilivuta upepo wote wa bonde, zikaufungia ndani, na nyaya zikaupeleka Dodoma mjini, zikipita juu ya mapaa ya kitongoji bila kuteremsha hata taa moja.

Aliyemwonyesha Naima mahali pale ni Bibi Ruthu, mama yake Emiliana. Alirusha konzi ya makapi hewani, yakapaa kuelekea kilimani, akasema, "Yafuate hayo, mwanangu." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Safari hii aliyepona alikuwa mgeni.

Watu walizoea. Moshi ulipotoka jikoni ulisimama juu ya paa, ikabidi usukumwe kwa ungo. Maneno nayo yalibaki pale yaliposemwa. Aliyepita njia ya kisimani jioni alikutana na salamu za asubuhi zikining'inia usawa wa masikio, akaziitikia asije akaonekana ana kiburi. Kefa, mwinjilisti, alimtukana mbuzi wake mbele ya kanisa, na Jumapili ile waumini wakaingilia mlango wa nyuma. Watoto walikatazwa kucheza upande ule.

Kisha Bibi Ruthu akafa. Alifia chumbani mwake, mchana, Emiliana akiwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi na ndoo kichwani alimkuta mama yake ameshatulia, amefumba macho. Juu ya kitanda pumzi ya mwisho ilikuwa imebaki, ya uvuguvugu, na ndani yake sauti: "Nina kiu, mwanangu."

Walizika, wakaimba, wakaanua matanga. Pumzi ilibaki. Kila aliyeingia alihisi joto lake shavuni, na sauti ikasema yale yale, bila haraka wala lawama. Emiliana aliweka kikombe cha maji chini yake. Jioni kikombe kilikuwa kikavu, na kiu ilikuwa ile ile. Huko kwao mtu akishakufa mlango huachwa wazi ili upepo umchukue. Mlango wa Emiliana ulikuwa wazi tangu siku ile, na walioingia ni kuku tu. Akaacha kulala. Hakuogopa hata kidogo. Aliumia, uchungu wa mtoto aliyechelewa kisimani, na uchungu huo haukuwa na pa kwenda.

Akapanda kilimani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," alisema Naima.

"Marahaba, Daktari. Nimeshapoa. Nimekuja kuomba upepo. Wa chumba kimoja tu."

"Wote umeshaahidiwa mjini. Hata mimi siruhusiwi kufungua."

"Mama yangu alipokuonyesha hakuomba ruhusa ya mtu."

Naima aliteremka naye. Alisimama chumbani na kifaa chake cha kupimia sauti, na kifaa kikaonyesha kwamba sauti haipungui. Alitoka akifuta macho, akampigia Abdulwahab, mkurugenzi wa mradi, akamweleza kila kitu kwa utaratibu. Mkurugenzi alisikiliza vizuri. Alisema wafiwa wapewe pole zake, lakini Dodoma kuna joto wiki hii na watu wanahitaji mapangaboi. Dua la kuku halimpati mwewe.

Hata hivyo alasiri Naima alifungua kasha moja bila kumwambia mtu. Upepo ulitoka, ukashuka bondeni, ukaingia kwa Emiliana na kuinua pazia. Emiliana alikuwa amepiga magoti, amefumba macho. Alisikia tu chumba kikipoa. Naima, aliyekuwa kilimani, aliona yaliyofuata. Upepo ule ulikuwa umekaa mno ndani ya betri, haukujua tena kwenda porini wala mbinguni. Ulipanda nguzo ya umeme, ukaingia kwenye nyaya, na pumzi ya Bibi Ruthu ikaenda nao.

Usiku huo Emiliana alilala.

Wiki iliyofuata Naima aliitwa ofisini Dodoma. Utafiti wake ulikuwa umepongezwa, na kilima kingine kilikuwa kimeshachaguliwa, Mpwapwa. Alikaa akisubiri kikao kianze, pangaboi likizunguka juu yake. "Nina kiu, mwanangu," likasema pangaboi.

Devota, katibu muhtasi, aliweka glasi ya maji mezani na kuondoa ile iliyokauka. "Tangu juzi linasema hivyo," alieleza. "Lakini sasa linapoza vizuri kuliko zamani."

Simu ya Naima iliita. Alikuwa Emiliana.

"Daktari, nimepiga kushukuru tu. Mama amepumzika."

Naima alitaka kuitikia. Aliona aibu, na pangaboi likamtangulia kusema.

Upande wa pili kuku alisikika akiparura.

"Huyo ni yeye," alisema Emiliana.

"Ndiye, mama. Nisamehe."

"Maji yapo hapo?"

"Yapo."

"Basi mpeni." Akavuta pumzi. "Kesho tulikuwa tunakuja huko kitongoji kizima, kuwaomba mzime mitambo. Nitawaambia wenzangu tusije. Ikizimwa, si atakwama hapo darini, kwa watu asiowajua?"