Bustani ya Siku Tatu

Simu ya Mzee Ravindra ilimkuta Mauza kwenye kitalu chake karibu na Mnazi Mmoja, mikono imejaa samadi.

"Binti yangu, njoo unisaidie. Nimekuharibia bustani."

Kauli hiyo ilimchoma kuliko tusi. Miezi mitatu nyuma, mzee huyo, mfamasia mstaafu wa Kisutu, alimwomba augeuze ua wake wa saruji uwe msitu: migomba ya mapambo, na magimbi yenye majani mapana kama ungo. Binti yake Shivani alikuwa anarudi baada ya miaka tisa, na mama yake hayupo tena duniani. "Asikute nyumba kavu," alisema. Mauza akaapa. Mimea hiyo hukua mbio. Ishibishe samadi na maji, miezi mitatu inakupita kimo.

Na kweli ilikua, kitaluni kwake. Kisha hoteli moja mpya ikataka mimea mikubwa ya ukumbini, Mauza akaiuza yote, na ya mzee ikiwamo, akijiambia atapanda mingine. Hakuna chipukizi linalokua kwa ahadi. Siku nne kabla Shivani hajatua, Mauza alishuka bonde la Jangwani na panga, akakata migomba na magimbi ya mwituni, akavichomeka vyunguni na kushindilia udongo. Jioni ile mzee alisimama katikati ya kijani akafuta miwani mara mbili.

Leo ilikuwa siku ya tatu tangu jioni ile. Mlango ulifunguliwa na Severa, mpishi wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Kwetu Kilema mgomba uliokatwa tunampa ng'ombe. Kumbe mjini unapandwa."

Mauza akapita, macho chini.

Majani yalikuwa yamelala kwenye saruji kama nguo zilizoanguka kambani. Mzee Ravindra alikuwa amepiga magoti kando ya chungu, mkononi ana kikombe kidogo cha kupimia dawa.

"Napima asubuhi na jioni," alisema. "Nikadhani maji mengi, nikapunguza. Nikadhani machache, nikaongeza. Niambie nilipokosea. Shivani anafika kesho."

Uongo ulikuwa tayari kinywani: jua, joto la Bongo, udongo mbaya. Angeusema, na mzee angeuamini, tena angemshukuru. Shukrani hiyo asingeweza kuipokea. Akashika gimbi moja, akavuta. Likatoka kama kijiti kwenye uji, mkato wa panga ukionekana wazi.

"Hukukosea, baba. Halina mzizi. Hakuna hata mmea mmoja wenye mzizi. Mimea yako niliwauzia watu wengine."

Mzee akautazama mkato ule, kisha akakifuta kikombe kwa shati lake, polepole, akakitia mfukoni.

"Kumbe," alisema, "na mimi kila asubuhi nilikuwa naiomba radhi."

"Nitakuletea machipukizi kesho alfajiri. Yatakuwa madogo."

"Lete. Lakini nitauona mzizi kwanza, kabla hujafukia."

Severa akamtupia gunia. Mauza akalijaza majani yaliyonyauka, akajitwika, akatoka mchana kweupe. Pale kona, muuza kahawa akamcheka.

"Dada, ya mbuzi hayo?"

"Ya mbuzi," akasema Mauza, na hakuharakisha mwendo.