Siku Tisa za Alphonse

Mbambu hakuwa mtu wa kusemea pembeni. Ukiingia dukani kwake mjini Bunia, pale anapouza vipuri vya malori, ukaanza kukitoa kasoro kipindi cha Volani na Vumbi, ungetoka bila kuuziwa hata nati. Alikuwa amekitazama kipindi hicho cha magari miaka kumi na sita, kila Jumamosi saa kumi jioni, tangu enzi za televisheni ya kisogo hadi hii bapa aliyoitundika juu ya rafu ya filta. Mafundi na madereva walikuja kukaa juu ya matairi makuukuu, jirani yake Estelle akaleta chai, jenereta ikanguruma nyuma ya ukuta. Kila mmoja alikuwa na maoni yake, na wote waliyasema kwa wakati mmoja.

Miaka ya karibuni maoni yalikuwa machungu. Wale watangazaji watatu wa mwanzo walikuwa wameondoka, na mahali pao wakaletwa vijana wenye buti safi.

"Hii kipindi ilikufa siku bale bazee batatu batoka," alisema fundi Delphin, ambaye husema hivyo kila Jumamosi na kila Jumamosi huja. "Zamani banafungua moteri, unaona mpaka ndani. Sasa ni kucheka tu."

"Delphin, weye ulijifunza wapi kusafisha pompe? Si ni humu?" Mbambu alimjibu. "Kipindi ilisema, basi njo vile iko."

Hilo ndilo lilikuwa rungu lake. Kipindi kilisema, basi ndivyo ilivyo. Aliwanyamazisha mafundi kwa neno hilo, na alimnyamazisha hata Bruno, mwenye lori ambalo mumewe Alphonse aliliendesha, siku walipobishana juu ya mafuta ya injini mpaka Estelle akaja kuamua. Bruno alishindwa siku ile, akaenda zake akitikisa kichwa, na neno hilo hakulisahau.

Basi habari ilipofika kwamba watu wa Volani na Vumbi wamekwisha kupiga picha kwenye barabara ya Mahagi, Mbambu alitembea mtaani kifua mbele. Tena alikuwa na lake tamu la kuongezea. Alphonse alikuwa amerudi kutoka Mahagi baada ya siku kumi na nne njiani, kabichi zote alizobeba zimeoza, na alikuwa ameeleza kilichomchelewesha kwa maneno machache, maana ni mtu anayetumia maneno kama chumvi ya kununua. Upande wa Kpandroma alikuta jipu, gari ya watu wa televisheni, imezama kwenye tope mpaka milangoni. Akaivuta kwa lori, ikatoka. Klachi ya lori ikaungua palepale. Mbambu mwenyewe ndiye aliyemtumia diski mpya kwa pikipiki baada ya kupigiwa simu. Kwa hiyo siku ya kipindi aliwaita watu wote waje wamwone mumewe akiwaokoa watangazaji, na Estelle akachemsha sufuria mbili za chai.

Walichokiona kilikuwa kingine kabisa. Jipu ilionekana inaingia kwenye tope, kisha ikaonekana iko ng'ambo, inameta, na mtangazaji mmoja aitwaye Yannick anajipongeza kwa ujuzi wake wa usukani. Kamba haikuonekana. Lori la kuvuta halikuonekana. Kisha likaonekana lori limesimama, na chini yake Alphonse amelala chali, viatu kando, mdomo wazi. Yannick alichuchumaa karibu naye, akanong'ona kwenye kamera kwa Kifaransa cha Kinshasa kwamba dereva huyu amelala hapa siku tisa, anangoja gari lijitengeneze lenyewe, na hata takataka zake amezimwaga katikati ya barabara. Akapanda jipu, akazikanyaga hizo takataka, akaondoka. Kicheko cha kupandikizwa kikalia ndani ya televisheni.

Watu wawili dukani walicheka kwa mazoea, wakakatisha njiani. Alphonse alikuwa amekaa juu ya tairi karibu na mlango. Aliweka kikombe chini.

"Chai imepoa," alisema, akatoka.

Damu ilimchemka Mbambu. Miaka kumi na sita, halafu wanamvua mumewe nguo mbele ya nchi nzima, mtu aliyewatoa kwenye tope kwa klachi ya lori la Bruno. Alitamani mtu wa kumshika shati. Lakini jioni ile nyumbani, baada ya binti yao Abigaël kulala, akimwekea Alphonse sahani ya ugali na majani ya sombe, ulimi ukamponyoka.

"Baba Abigaël, ile siku tisa… ulipumzika kidogo mbele ya kunipigia simu?"

Alphonse aliacha kumega ugali. "Na weye pia," alisema. Akala mpaka akamaliza, na Mbambu akabaki na aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

Jumatatu Bruno alikuja dukani mwenyewe, akamkuta Alphonse anamsaidia mkewe kupanga mikanda. Alinyoosha mkono, akaomba ufunguo wa lori.

"Patron, nilikuelezea," alisema Alphonse. "Nilivuta bale batu, embrayage ikaungua."

"Ulielezea. Na mi nilikuamini. Lakini kabichi zangu zilioza, na sasa naona juu ya nini. Ulilala."

"Hakulala," Mbambu aliingilia. "Mi mwenyewe nilimutumia disque."

"Ndiyo, ulituma. Na mbele ya kukuita alilala siku ngapi?" Bruno hakupaza sauti. "Mama Abigaël, ni weye ulinifundisha. Kipindi ilisema, basi njo vile iko. Nangojea mpaka Jumamosi. Kama hakuna kitu kingine, natafuta shofa mwingine."

Akaondoka na ufunguo. Miaka kumi na mmoja Alphonse alikuwa na lori lile; alijua kila msumari wa bodi yake. Na katika mji huu, dereva aliyenyang'anywa lori kwa uvivu hapewi jingine, maana wenye malori wote wanakunywa mahali pamoja. Mbambu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Basi akajifunga kibwebwe. Kipindi kilikuwa na sehemu ya mwisho ya kusoma maoni ya watazamaji, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutuma neno. Alirekodi ujumbe wa sauti, akaurudia mara tatu mpaka hasira ikakaa sawa. Alijitaja jina na mji. Alisema amewafuata miaka kumi na sita, amewapenda na amewatetea. Kisha akasema kwamba dereva waliyemcheka ndiye aliyewavuta, kwamba klachi yake iliungua kwa ajili yao, na kwamba kazi yake iko hatarini. Aliwaomba jambo moja tu: waonyeshe ile kamba.

Jumamosi iliyofuata duka lilijaa mpaka nje. Bruno alikuja pia, akasimama nyuma, mikono kifuani. Alphonse hakutaka kuja. Mbambu alimwambia bila yeye hatawasha jenereta, akaja. Mwisho wa kipindi Yannick akatoa karatasi yake.

"Mama Mbambu wa Bunia," alisoma, akitabasamu, "anasema anatufuata miaka kumi na sita, anatupenda na anatutetea. Asante sana, Mama Mbambu. Kwa ajili yako, tunarudia kile kipande kilichowafurahisha wengi."

Hapo ndipo Mbambu alipoona giza. Walichukua sifa zake wakazila, mashtaka yake wakayatema. Sauti yake mwenyewe waliigeuza shahidi dhidi ya mumewe. Alishika mpini wa ufagio ili aipige televisheni, na angeipiga, kama macho yake yasingekuwa tayari juu ya kioo. Jipu ilikuwa inasogea kwenye zile takataka za Yannick.

Hazikuwa takataka. Hakuna mtu dukani asiyejua ni nini, ila wiki iliyopita wote walikuwa wanatazama uso wa Alphonse. Lori likiharibika katika barabara hizi, dereva huvunja matawi porini akayalaza barabarani, mbele na nyuma, ili wanaokuja wajue. Anayekuta matawi hupunguza mwendo, husimama, huuliza: kulifika nini, yaani kumetokea nini? Hata kama hamsalimiani, unasimama na unauliza.

"Mutazame majani," alisema Mbambu.

Alphonse alikuwa amevunja yale maua ya njano yanayoota kila mahali kando ya barabara, yale ambayo ukiyakata asubuhi, saa sita yamelala kama kitambaa kilicholowa. Kwenye kioo maua yalikuwa yamesimama. Majani yalikuwa mabichi, hayana hata vumbi. Kisha gurudumu la jipu likapita juu yake.

Delphin alisimama kutoka kwenye tairi. "Ile majani haina hata saa mbili."

"Anaweza kuwa alikata mengine," alisema Bruno, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kulegea.

"Mutu wa kulala siku tisa, patron, anapata wapi nguvu ya kukata majani mapya kila asubuhi?" Mbambu alimgeukia. "Na ya zamani iko wapi? Ingekuwa imejaa pale kando. Umeona? Ni ile moja tu. Walimupiga picha siku ileile, saa ileile. Alikuwa amechoka juu ya kuvuta ile jipu yao. Ule kijana amesema uongo, na mi miaka yote nilikuwa nakulisha uongo wake."

Duka lilichafuka. Kila mtu alikuwa anasema, na safari hii wote walikuwa na neno moja. Kilichowauma zaidi si hata siku tisa. Ni kwamba mtu aliona matawi barabarani akayakanyaga bila kuuliza. Mzee mmoja wa malori ya njia ya Boga alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, hata wakati wa vita. Bruno alipenya katikati ya watu, akatoa ufunguo mfukoni, akamshikisha Alphonse kwa mikono miwili.

"Ndeko, ndugu yangu, nilikosa," alisema.

Alphonse aliupokea. "Miaka kumi na mmoja, patron," alisema tu, na Bruno akainamisha kichwa.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, watu walikuja kwa mazoea. Estelle alikuwa na chai yake. Lakini jenereta haikulia, televisheni ilikuwa nyeusi, na sakafuni mbele yake kulikuwa na tawi bichi la maua ya njano.

Delphin ndiye aliyeingia wa kwanza. Aliona tawi, akasimama kama anavyosimama mtu barabarani.

"Kulifika nini?" aliuliza.

"Panne," alisema Mbambu, kama dereva ambaye gari limemharibikia. "Tangu siku tisa."

Delphin alilizunguka tawi kwa heshima, akaenda kukaa kwenye tairi lake, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Alphonse alikuwa mlangoni, ufunguo wa lori umening'inia kidoleni, anajiandaa kuondoka kesho alfajiri. Mbambu alivuta kiti cha dukani, kile chake mwenyewe, akakiweka mbele ya watu wote, akamwonyesha akae. Kisha naye akakaa chini juu ya tairi, pamoja na watazamaji, na akamuuliza lile swali ambalo Yannick hakuuliza, wala Bruno, wala yeye mwenyewe aliyelala naye kitanda kimoja.

"Baba Abigaël, kulifika nini?"

Alphonse alikitazama kiti, akakaa. Alianza kusimulia, akaanza na mvua.