Mke Mbovu wa Babu Pancras

…na kijiko bado kiko hewani, uji unapoa, babu anakifumbia mdomo tangu jana asubuhi, na daktari kule Biharamulo alisema asipokula arudishwe wodini awekwe mpira puani, lakini hilo Diane hataki kulifikiria, anafikiria maneno matatu aliyoyatoa babu sasa hivi kwa ule upande wa mdomo ambao kiharusi kimeuacha, mke… kijiko… mbovu… haya, msomi, yaunge, si ndicho unachosomea Dar, isimu, sarufi ya kwanza inasema sentensi ni mti, maana hujengwa kutoka chini, neno kwa neno mpaka kileleni, lakini hapa kitenzi hakuna, mti umelala, ya pili inasema umbo zima ndilo hubeba maana, kama methali, huipati kwa kuipasua, sawa, lakini umbo liko wapi, vipande tu hivi, kama vile vya wiki nzima… "Amekula?" shangazi Tecla anauliza kutoka jikoni, "Bado, shangazi," "Mbembeleze kwa adabu, mgonjwa huyo," na adabu ndiyo anayompa wiki nzima, shikamoo babu, pole babu, fungua mdomo babu, yeye ambaye tangu anajifunza kutembea hapa Mbuba aliitwa na babu mke wangu, mke gani huyu hata ndizi hajui kumenya, naye anajibu, mume gani huyu anakoroma kama trekta, nakuacha naolewa na kijana, na marehemu bibi Eufrazia anacheka mpaka anashika ukuta, ndio utani wa babu na mjukuu, anayenyamaza ameshindwa… sarufi ya tatu, ile iliyomfelisha jaribio, inasema kila neno huja na pengo lake, husubiri jingine lije lilijaze ndipo maana itimie, mbovu inamsubiri mke, mke mbovu, hata kijiko hajui kushika… kumbe… kumbe mzee amemaliza kusema, pengo lililobaki haliko mdomoni mwake, liko kwangu, wiki nzima ananichokoza na mimi namjibu pole, kama mgeni, kama mtu aliyekuja kumzika… babu anamtazama kwa jicho lile moja linalofunguka, anasubiri, kijiko kiko palepale, uji umeshafanya utando, "Adabu, Diane, umesikia?" "Nimesikia, shangazi," na Diane anatafuta tusi, si lolote tu, zuri, la kumfaa mume aliyezeeka vibaya.