Neno Botleas

"Akinichoma sindano, wewe nibane mkono, mimi nitapiga kelele," Osgar alimnong'oneza mkewe upesi. Mganga alikuwa mlangoni akijikung'uta tope.

Leofrun aliitikia kwa kichwa. Mumewe, fundi wa kuezeka mapaa, alianguka kutoka paa la kanisa, mguu ukavunjika. Sasa unyayo ulikuwa mweusi tii, na chumba kizima kilinuka.

Mganga akichoma sindano akakuta nyama inayohisi, hukata hapo na kuondoa iliyokufa. Asipoikuta, husema neno moja tu: botleas. Bot ni kiraka cha paa, ni dawa, ni fidia wanayolipwa ndugu wa aliyeuawa. Botleas ni kisicho na hayo yote. Zamani wazee walilitamka barazani tu, juu ya uovu usiolipika, kama mtu kumuua bwana wake. Baadaye waganga wakalileta vitandani. Baba yake Leofrun alisemewa neno hilo, akageukia ukutani, hakula tena mpaka akafa.

"Haya, fundi, tuone kama umebaki mtu au gogo," alisema Cynric, mganga, akimfunga Osgar kitambaa machoni asione sindano.

"Gogo halidai chakula, mzee. Muulize mke wangu."

"Basi nisikilize. Usinidanganye. Nikikata kwenye nyama mfu, uozo utapanda, nawe utakufa vibaya sana."

Osgar alinyoosha mkono tu, Leofrun akaushika.

Sindano ikazama kwenye kifundo cha mguu. Kiganja cha Osgar kilikuwa kinangoja. Kumbana kidogo tu, basi. Leofrun hakubana.

Ikazama kwenye muundi. Kimya.

"Leofrun," Osgar aliita taratibu, "upo?"

"Nipo, mume wangu." Machozi yalimtiririka. Hakubana.

Chini ya goti, kimya vilevile. Cynric alifuta sindano, akashusha pumzi, akafungua mdomo.

"Usiseme!" Leofrun alipiga kelele. "Nakuomba, mzee, panda tena kidogo. Usiseme bado!"

Mganga alimtazama, kisha akachoma juu ya goti.

Osgar alipiga ukelele, kuku wakaruka kutoka kwenye boriti.

"Amehisi," Cynric aliuliza, "au amesikia maneno yako akakisia?"

Leofrun alitazama mkono wake. Kucha za Osgar zilikuwa zimezama kwenye kiganja chake, damu inachuruzika. Woga nao hubana hivyo, alilijua hilo.

"Amehisi," alisema.

Cynric alichora mstari wa mkaa juu ya goti, akakiweka kisu motoni. "Mshike sana, mama."

"Amesema nini?" Osgar aliuliza, kitambaa bado kikiwa machoni. "Leofrun, amelisema?"

"Hajasema kitu," alijibu, akamrudishia mkono uleule wenye damu.